Uso wa Gari la Mwalimu Tidmarsh

Mwaka jana, katika muhula wa kiangazi, niliinyima familia moja nyumba kwa kutumia karatasi moja na pini nne. Sikukusudia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na katika umri huo mtu hakusudii jambo lolote zaidi ya kuwachekesha wenzake kabla ya chakula cha mchana. Lakini kwa kuwa wakubwa wote wa Shule ya Aldermere wamekubaliana kimyakimya kutolizungumzia jambo hili milele, na kwa kuwa mimi sikualikwa kwenye makubaliano hayo, nimeona ni wajibu wangu kuliandika.

Nyuma ya kanisa la shule kuna uwanja wa kokoto ambapo walimu huegesha magari yao. Mwaka jana yalikuwapo magari tisa, na saba kati ya hayo yalikuwa gari moja. Sisemi kwa mafumbo. Baba yangu anauza Morris mjini Pershore, na mimi nimejifunza kutambaa nikiwa chini ya magari hayo, kwa hiyo nayajua hadi matumbo. Kiwandani wanaunda bodi moja na milango ileile, wanatia injini ileile, kisha mwishoni kabisa wanafunga uso. Likifungwa uso huu ni Morris. Likifungwa ule ni Austin. Ongeza kabureta ya pili na nembo yenye pembe nane, ni MG, na mwalimu wa michezo atalinunua kabla hujamaliza kulisifia. Weka mbao kwenye dashibodi, ngozi kwenye viti, na kitaa kidogo ndani ya nembo ya mbele, ni Wolseley. Riley ni Wolseley iliyopelekwa chuo kikuu. Na juu kabisa, penye vijimeza vya mbao vinavyokunjuliwa nyuma ya viti ili abiria ale mkate wake kama waziri, ni Vanden Plas Princess.

Mwalimu Mkuu, Dokta Fenn, aliendesha Princess. Msaidizi wake, Bwana Strode, aliendesha Austin tupu. Na kwa kuwa Bwana Strode aliendesha Austin tupu, kila mwalimu aliyekuwa chini yake aliendesha Austin tupu au Morris tupu, hata yule wa Kifaransa ambaye mke wake alirithi nusu ya kijiji. MG ya mwalimu wa michezo haikuhesabiwa, maana ilichukuliwa kuwa ni kifaa cha michezo kama magongo ya kriketi. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Hakuna aliyewahi kuitamka. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia Mwalimu Tidmarsh.

Mwalimu Tidmarsh alitufundisha kemia. Alikuwa kijana, mwembamba, na kwa miaka miwili alikuwa mtu wa baiskeli. Aliishi na mke wake Beryl na binti yao Judith, aliyekuwa na miezi minane, katika vyumba viwili juu ya chumba cha kufulia nguo cha shule. Mvuke wa mashuka yetu mia tatu ulipanda kwao tangu asubuhi hadi jioni. Karatasi za ukutani zilibanduka zenyewe, na Judith alikohoa kama mzee wa kiko. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba mtoto yule asipitishe majira mengine ya baridi mle ndani.

Lakini hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mlezi wa bweni letu, Bweni la Teme, alikuwa anastaafu mwezi wa Julai. Mlezi wa bweni hupewa nyumba yenye vyumba vinne vikavu na jiko kubwa la makaa. Zamu ilikuwa ya Mwalimu Tidmarsh. Kila mtu alijua, na Beryl alikwishapima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Hapo ndipo Mwalimu Tidmarsh aliponunua Wolseley.

Aliinunua kwa mjane wa daktari wa meno kule Malvern, ambaye alikuwa tayari kupunguza bei alimradi gari liende kwa watu wenye mtoto. Ilikuwa ya kijivu, imetunzwa kama vyombo vya kanisani. Jumapili ya kwanza aliiegesha palipokuwa wazi, na palipokuwa wazi palikuwa ubavuni mwa Austin ya Bwana Strode. Baada ya ibada Bwana Strode alitoka, akasimama, akaitazama.

“Gari zuri sana, Tidmarsh,” akasema.

Mwalimu Tidmarsh alimshukuru kwa moyo wote. Akafungua mlango amwonyeshe zile mbao. Akawasha hata kile kitaa, mchana kweupe, na kuuliza kama hakikuwa kitu cha kupendeza.

Mtu wa Aldermere akikisifia kitu chako mara moja, hiyo ni adabu. Akikisifia mara ya pili, jiangalie. Bwana Strode alilisifia gari lile mara tatu kati ya mlango wa kanisa na chumba cha chakula. Nilikuwa nyuma yao na nilihesabu. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilikwenda kutafuta kalamu.

Jumatatu asubuhi, kwenye ubao wa matangazo, kati ya orodha ya timu ya kriketi na orodha ya kofia zilizopotea, wanafunzi wa Aldermere walisoma haya:

“Tangazo la Baraza Kuu la Uwanja wa Kokoto. Kuanzia leo walimu wataingia chumba cha chakula kwa kufuata vyeo vya magari yao. Wa kwanza, Mtukufu Princess wa Mwalimu Mkuu. Wa pili, Mheshimiwa Wolseley wa Maabara, akitanguliwa na kitaa chake. Wa tatu ni wengineo, pamoja na Bwana Austin Strode, ambao wanaombwa kusubiri mlangoni na wasikanyage zulia.”

Lilikaa dakika arobaini. Shule nzima ililisoma, na mpishi aliomba nakala. Kisha likatoweka, nami nikakaa kungoja kuitwa, maana mwandiko wangu unajulikana kuanzia jikoni hadi kwa Mwalimu Mkuu. Nilingoja Jumatatu, nikangoja Jumanne. Sikuitwa. Jumatano nilianza kuogopa kwelikweli. Kosa dogo Aldermere huadhibiwa saa hiyohiyo. Kosa linaloachwa bila adhabu ni lile lililomgusa mtu mahali asipoweza kupaonyesha.

Kila Alhamisi kabla ya chakula cha jioni Bwana Strode huwaalika walimu nyumbani kwake kwa glasi ndogo ya mvinyo. Alhamisi ile Mwalimu Tidmarsh hakualikwa. Wala iliyofuata. Alidhani kadi yake ya mwaliko imepotea.

Habari kamili niliipata kwa Matroni Crabbe, nilipokwenda kuomba dawa ya koo. Matroni anajua yote, kwa kuwa anafua soksi za wote.

“Fungua mdomo, Pargeter,” akaniambia. “Pana zaidi. Nataka nione matangazo yanatokea upande gani.”

Nilifungua. Akanichunguza kwa muda mrefu kuliko koo linavyohitaji, huku akinieleza, nami siwezi kujibu, kwamba Bwana Strode alikuwa ameanza kuandikiana na mwalimu mmoja wa kule Devon kuhusu Bweni la Teme. Mtu mzuri, mseja, mwenye Morris.

“Na Mwalimu Tidmarsh?” nikauliza aliponitoa kijiko kinywani.

“Atabaki kulekule juu ya mashuka yako. Lile gari peke yake Bwana Strode angelimeza. Angenuna wiki mbili, yangekwisha. Lakini wewe ukaenda ukalibandika ukutani ili hata mpishi ajue kuna kitu cha kununia.” Akafunga chupa ya dawa. “Umemchekesha kila mtu, mwanangu, nami nikiwamo. Sasa nenda ukasikilize kile kitoto kinavyokohoa.”

Koo langu lilipona papo hapo.

Nilikwenda maabara saa ya chai. Mwalimu Tidmarsh alikuwa anasuuza mirija ya kioo. Nilisimama wima kama mbele ya hakimu na kukiri yote: sheria ya magari, tangazo, mvinyo wa Alhamisi, mtu wa Devon. Mwanzoni alicheka. Alidhani ni tangazo jingine. Kisha akaona uso wangu, akafunga bomba.

Hakunigombeza, jambo ambalo lilinikera. Alianza kunisimulia kuhusu babake. Mzee Tidmarsh anafanya kazi kule Cowley, mwisho kabisa wa mstari wa kiwanda cha magari hayo. Kila gari linalofika mbele yake lina karatasi imebandikwa kwenye kioo, na kwenye karatasi kuna herufi. Kwa herufi hiyo mzee hujua achukue uso gani kwenye rafu. Anaufunga, anapiga hatua mbili nyuma, gari linasogea, linakuja jingine. Jioni anarudi nyumbani kwa baiskeli.

“Nilipompelekea lile gari alione,” akasema Mwalimu Tidmarsh, “hakutazama mbao wala ngozi. Alikwenda mbele moja kwa moja, akaisukuma nembo kwa dole gumba aone kama imelegea.”

“Hakukaa ndani, mwalimu?”

“Baadaye. Alikaa kiti cha nyuma, akavua kofia.”

Hapo nikatoa pendekezo langu. Kwenye gereji ya baba kulikuwa na Morris ya kijivu iliyogongwa kwa nyuma na tela la nyasi. Mbele ilikuwa nzima kabisa. Kubadilisha boneti, shoo ya mbele, yaani ule wavu wa chuma kati ya taa, nembo na vifuniko vya magurudumu ni kazi ya alasiri moja. Jumatatu Bwana Strode angeiona Morris tupu ubavuni mwa Austin yake, ulimwengu ungerudi mahali pake, na yule wa Devon angebaki Devon.

Mwalimu Tidmarsh alisema hapana. Alisema hawezi kulichuna gari uso ili mtu mzima aache kununa, na kwamba kama nyumba inatolewa kwa kutazama nembo, basi ni nyumba ya kijinga. Aliendelea hivyo kwa ufasaha mkubwa, na mimi nilikuwa nakubaliana naye, mpaka tulipomwona Beryl amesimama mlangoni, Judith begani. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Nadhani mwanzo.

“Norman,” akamwambia mumewe, “likifungwa hata uso wa mbuzi, mimi nitapanda.”

“Beryl, mpenzi, suala si gari.”

“Najua suala si gari. Daktari hakuzungumzia suala. Alizungumzia ukuta mkavu.” Akamhamishia mtoto bega la pili. “Pargeter, baba yako yuko gereji Jumapili?”

Jumapili ile ilikuwa ya ruhusa, wanafunzi tunapokwenda makwao kwa chakula cha mchana. Nilikwenda na mwalimu wangu wa kemia. Mama alitupa nyama ya kuoka na viazi, kisha tukashuka gereji.

Baba alitusikiliza huku anajifuta mikono. Alisema kwa miaka ishirini ameombwa na watu wa kila aina wapandishwe cheo: kuna karani mmoja aliyetaka auziwe nembo ya Riley peke yake, aibandike usiku wa harusi ya dada yake na kuirudisha asubuhi. Kuna mzee ambaye ukoo wake umenunua Morris tangu babu, na asingevuka barabara kwenda kwa muuza Austin aliye mkabala nasi hata duka letu liungue, ingawa anajua magari yote mawili yanaweza kuwa yametoka kwenye tumbo moja. Lakini mtu kuomba ateremshwe, hilo baba hakuwahi kulisikia. Alimtazama Mwalimu Tidmarsh kama mtu anayetazama maiti inayotembea kwa adabu, akatukabidhi bisibisi.

Tulifanya kazi hadi saa kumi. Mimi nilitoa vifuniko vya magurudumu, baba akatoa boneti. Nembo ya mbele Mwalimu Tidmarsh alisema ataitoa mwenyewe. Aliifungua polepole, skrubu moja moja, akaifunga ndani ya leso yake safi. Waya wa kile kitaa ulibaki unaning’inia bila kazi. Akauzungushia utepe ncha yake na kuusukuma ndani. Boneti ya Morris ilikuwa kijivu, lakini kijivu cha ndugu wa mbali. Tulisimama wote watatu tukaitazama.

“Linaonekana kama mtu aliyenyoa masharubu,” nikasema.

Hakuna aliyecheka. Baba aliuweka uso wa Wolseley kwenye rafu ya juu na kuufunika gunia.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote. Nilichosahau ni kwamba Bwana Strode naye ana macho. Mtu wa Aldermere anaweza kukasirishwa na Wolseley, lakini hawezi kuombwa akiri kwamba amekasirika, na hakuna njia ya kumkirisha kwa sauti kubwa zaidi kuliko kuiondoa. Jumatatu asubuhi Mwalimu Tidmarsh aliingia uwanjani na gari lake jipya la zamani, akaliegesha, akaenda darasani. Walimu walipita mmoja mmoja. Kila mmoja alitazama boneti, kisha akatazama dirisha la Bwana Strode, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Kufikia mchana ilikuwa wazi kwa shule nzima kwamba mwalimu mwenye mtoto mgonjwa amelazimika kulikata gari lake pua kwa ajili ya Bwana Strode. Wale walioichukia Wolseley waliichukia Morris mara kumi. Mezani Bwana Strode alikaa kati ya viti viwili vitupu. Hakugusa samaki wake.

Saa nane tuliitwa ofisini kwake, mwalimu na mwanafunzi, pamoja.

Bwana Strode anafundisha historia. Ni mrefu, amekonda, na tangu mke wake afariki miaka minne iliyopita anavaa tai ileile. Alimpa Mwalimu Tidmarsh kiti. Mimi niliachiwa zulia.

“Pargeter,” akasema, “baba yako anauza magari.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Basi leo wewe ndiye mwalimu. Umetoa nini kwenye gari la Bwana Tidmarsh?”

Nilitaja boneti, shoo, nembo ya mbele na ya nyuma, vifuniko vinne, taa moja ndogo. Nikataja na skrubu.

“Na kilichobaki ni nini?”

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, na moja lilikuwa zuri sana. Lakini alikuwa ananiuliza kweli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa umri ule kuniuliza kitu ambacho hakujua.

“Gari, mwalimu.”

“Lilelile?”

“Lilelile. Mwendo uleule, mafuta yaleyale. Na la kwako ni hilohilo, mwalimu. Na la Mwalimu Mkuu pia, ukiondoa vile vijimeza.”

Aligeukia dirisha. Uwanja wa kokoto ulikuwa chini yetu.

“Margery alitaka Wolseley,” akasema. “Mke wangu. Hakujali mbao. Alitaka kile kitaa. Alisema akiwa jikoni atakiona kikikata kona ya kanisa, na atajua ni mimi, ateremshe viazi. Nilimwambia haiwezekani, Mwalimu Mkuu mwenyewe anaendesha Austin. Nilimwambia hivyo miaka tisa.”

“Mwalimu Mkuu angejali?” akauliza Mwalimu Tidmarsh.

“Sijui. Hakuna anayeuliza mambo kama hayo.” Alinyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari. “Vuli ya mwaka ule wa tisa Mwalimu Mkuu alinunua Princess. Margery alikuwa amefariki mwezi wa tatu.”

Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa inapita nje, ikaenda, ikarudi.

“Bwana yule wa Devon amekubali,” akaendelea Bwana Strode. “Barua yake imefika leo asubuhi. Nilimpa neno langu, Tidmarsh. Siwezi kulirudisha.”

Nilimtazama Mwalimu Tidmarsh. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na kwenye kucha bado kulikuwa na grisi ya gereji yetu. Nilidhani atasema jambo kubwa. Alisema tu kwamba ameelewa, na kwamba, kwa kuwa mambo yamekuwa hivyo, Jumapili ijayo angelirudishia gari lake uso wake, kama Bwana Strode hana pingamizi.

“Sina,” akasema Bwana Strode. “Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Pargeter, toka.”

Nilitoka. Nilikaa kwenye ngazi za maabara mpaka kengele ikalia, nikijaribu kuandika kichwani tangazo la kuchekesha kuhusu mkasa wote, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Halikuja hata sentensi moja. Juu ya chumba cha kufulia Beryl alikuwa ameyaanika nje mapazia mapya aliyoyashona kwa ajili ya madirisha ya Bweni la Teme. Ningeweza kuapa aliyapima vizuri. Hayakuwa na dirisha tena.

Siku nne baadaye, wakati wa kifungua kinywa cha walimu, Bwana Strode aliweka kikombe chake chini na kutoa maelezo. Habari hii nimeipata kwa Matroni, kwa hiyo ni sahihi. Alisema nyumba yake imekuwa mbali mno na kanisa kwa miguu yake. Alisema vyumba vitano kwa mtu mmoja ni kazi ya kufuta vumbi tu. Alisema amesikia kwamba mvuke ni mzuri kwa viungo, na daktari wake anamsisitiza apande ngazi. Kwa sababu hizo angependa, kama Mwalimu Mkuu ataridhia, ahamie vile vyumba viwili juu ya chumba cha kufulia. Na kwa kuwa nyumba ikiachwa tupu panya huihodhi, labda akina Tidmarsh wangemfanyia hisani ya kukaa mle.

Dokta Fenn alimwuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Sababu zake zilikuwa nne, na hakuna hata moja iliyofanana na ukweli, kwa hiyo wote walizipokea kwa shukrani na kuomba siagi.

Mwalimu Tidmarsh alitaka kwenda kumshukuru saa ileile. Alifika hadi mlangoni, kofia mkononi. Beryl alimshika koti.

“Ukimshukuru itabidi aseme kwa nini amefanya,” akamwambia, “na hilo litamwua. Kaa chini. Nitampikia pai.”

Tulihama Jumamosi ya mwisho wa muhula. Nasema tulihama kwa sababu Bwana Strode aliniteua rasmi kubeba, na hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopata kwa lile tangazo. Nilishusha vitabu vya vita vyote vya Ulaya, kwa mpangilio wa tarehe, na kuvipandisha ngazi ishirini na sita. Nilishusha kitanda cha mtoto na kukipandisha upande wa pili. Siku nzima njiani nilipishana na Mwalimu Tidmarsh aliyebeba vyake, naye alipishana na Bwana Strode aliyebeba vyake, na walipokutana na masanduku mikononi walizungumzia hali ya hewa. Kitu kimoja Bwana Strode hakuniruhusu kukigusa. Kilikuwa kiti cha jikoni, cha kawaida kabisa, kilichopakwa rangi ya bluu. Alikibeba mwenyewe, akipumzika kila ngazi ya tano.

Yule mtu wa Devon alikuja Septemba. Ni mtu mpole. Hajui chochote, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kumweleza, kwa kuwa yuko kwenye bweni langu na anafaa sana kutaniwa. Sijamweleza.

Alhamisi ya kwanza ya muhula Beryl aliniita kutoka kwenye mlango wake mpya. Judith alikuwa sakafuni nyuma yake, anapiga sufuria kwa kijiko, na hakukohoa hata mara moja kwa muda wote niliosimama pale. Beryl alinipa pai ya nyama na figo, imefunikwa kitambaa, ya moto, na kunionya nisiinamishe.

Nilipanda zile ngazi ishirini na sita. Bwana Strode alifungua mlango akiwa amekunja mikono ya shati, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa Aldermere aliyewahi kuliona. Kitanda chake kilikuwa katikati ya chumba, mbali na kila ukuta, na vitabu vimekizunguka juu ya viti na masanduku, ili visiguse popote. Chumba kizima kilikuwa kimejisogeza kati kama watu wanaokwepa mvua. Utani ulikuja wenyewe, umekamilika, na mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko tangazo langu lolote. Ulinifika kwenye meno.

“Niiweke wapi, mwalimu?” nikauliza.

“Dirishani.” Alikuwa ameshika brashi ya gundi. Kipande kirefu cha karatasi ya ukutani kilikuwa kimening’inia juu ya bega lake, na ukuta nyuma yake ulikuwa unang’aa kwa maji. “Kisha shika ncha ile ya chini, Pargeter, kama huna pa kwenda. Usivute.”

Sikuwa na pa kwenda. Nilipiga goti, nikashika ncha ya chini.